Chupa Tupu Ndiyo Mali: Gemu la Kupanga Rangi na Watu Wasio na Majina wa Bandari ya Dar

Leo tunawapumzisha mastaa kidogo. Tunawazungumzia watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye bango lolote, ila kazi waliyoifanya wewe unaichezea kwenye simu yako kila siku.

Nazungumzia lile gemu la kupanga maji ya rangi. Panda daladala yoyote ya Gerezani, au pita kwenye fremu za Mtaa wa Aggrey saa nane mchana wateja wakiwa wamepungua, utamkuta mtu kainamia simu anamimina nyekundu juu ya nyekundu. Chupa zimesimama, kila moja ina matabaka manne ya rangi zilizovurugwa. Kazi yako ni kuhakikisha kila chupa inabaki na rangi moja. Sheria zenyewe hazijai hata kiganja: unachukua cha juu tu, unakimimina juu ya rangi inayofanana nacho au kwenye chupa tupu, na chupa ikijaa imejaa.

Levo za mwanzo mtoto wa chekechea anamaliza. Ukisogea mbele ndiyo unaanza kumlaumu mtengenezaji. Bluu unayoitaka iko chini kabisa, juu yake kuna kijani, juu ya kijani kuna pinki, na pinki haina pa kwenda.

Sasa angalia kitu kimoja. Kwa kawaida unapewa chupa mbili tupu. Ukikwama, gemu halikuuzii rangi wala halikupi akili. Linakwambia tazama tangazo upewe chupa moja tupu ya ziada. Waliolitengeneza wanajua mali iko wapi. Mali ni nafasi. Na hiyo, wadau, ndiyo historia nzima ya Bandari ya Dar es Salaam.

Hata wataalamu wanakuna kichwa

Kabla hatujafika bandarini, nikutoe aibu kidogo. Mwaka 2022 kundi la watafiti wa Japani walitoa kazi kuhusu gemu hili na ndugu yake, lile la kupanga mipira kwenye vichupa. Walithibitisha kwamba levo ikiwezekana kwa mipira, inawezekana pia kwa maji, na kinyume chake. Yaani ni gemu moja lililovaa nguo mbili.

Wakaenda mbele zaidi. Walionyesha kwamba gemu hili limo kwenye kundi la maswali magumu ambayo ukipewa jibu, kulihakiki ni kazi ndogo, lakini kulitafuta mwenyewe hakuna njia ya mkato inayojulikana itakayofaa kila levo kadiri chupa zinavyoongezeka. Kwa hiyo ukikwama nusu saa usijione mjinga. Kompyuta nazo zinahema.

Kontena ni tabaka, uwanja ni chupa

Simama juu ya daraja la pale Bendera Tatu, au pita Barabara ya Kilwa ukiangalia upande wa bandari. Utaona makontena yamebebana, moja juu ya jingine. Kila safu ni chupa. Kontena la juu ndilo linalotoka kwanza. La chini litasubiri.

Rangi zenyewe ni safari. Hili linakwenda Lubumbashi, lile Lusaka, lile Kigali, lile Bujumbura, na lile la bluu lililokwaruzika linakwenda Kariakoo. Kama kontena lako liko chini na juu yake kuna matatu, yale matatu lazima yahamishwe kwanza. Kila kuhamisha ni mafuta, ni muda wa mashine, na kunahitaji sehemu ya kuyaweka. Kukiwa hakuna sehemu, hakuna kinachotoka.

Kuna tofauti, tuseme ukweli. Uwanjani kontena la Kigali linaweza kukaa juu ya la Lusaka bila shida, wakati gemu lingekukatalia. Lakini bandari ina ugumu ambao gemu halina: huku unapanga, meli nyingine inashusha. Fikiria mtu anakumiminia rangi mpya wakati hujamaliza levo.

Walikuwepo makuli

Haikuwa hivi siku zote. Mji huu ulianza kujengwa na Sultan Majid wa Zanzibar miaka ya 1860, Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na kwa miongo mingi meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari. Mzigo ulishushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi ufukweni, na hapo ndipo mabega ya watu yalipoanza kazi.

Hao ndio makuli. Gunia kwa gunia, kasha kwa kasha. Mzigo ulikuwa na alama zilizopakwa, na kuli alitakiwa kujua hili linakwenda banda gani na lile reli gani. Walikuwa wanacheza gemu letu kwa mgongo. Wengi walikuwa vibarua wa kutwa. Meli ikiwepo unakula, meli isipokuwepo unarudi nyumbani mikono mitupu.

Na hapa ukumbuke jina la Kariakoo lenyewe. Waingereza waliuchukua mji Septemba 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na eneo hilo likawa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba chakula na risasi za jeshi porini, na walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na uchovu. Pale mjini kuna Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, ila aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Jina la mpagazi hata mmoja halipo.

Lakini makuli walijua wamekaa wapi. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na Septemba 1947 wakagoma kwa namna ambayo serikali ya kikoloni haikuizoea. Mgomo ulianzia bandarini, ukashika wafanyakazi wengine mjini, ukapanda na reli kwenda bara. Ukiwa mchezaji wa gemu utaelewa haraka kwa nini uliuma: chupa zote zilikuwa zinapita kwenye mikono yao. Wao wakikunja mikono, hakuna rangi inayosogea. Wakapata nyongeza ya mishahara.

Mwaka 1956, mambo mawili kwa mpigo

Mwaka 1956 Dar ilipata magati yake matatu ya kwanza ya kina kirefu. Meli ikaanza kufunga pembeni kabisa, na utegemezi wa tishari ukapungua.

Mwaka huohuo, tarehe 26 Aprili, mbali kule Marekani, meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 ya chuma juu yake. Mwenye wazo alikuwa Malcolm McLean, mtu wa malori. Alichoka kuona mzigo unapakuliwa kipande kwa kipande, akasema tubebe sanduku zima.

Hapa Dar sherehe ilikuwa ya magati. Lakini lile sanduku ndilo lililokuja kubadilisha maisha ya kuli. Kote duniani lilikoingia, kazi ya kubeba kwa mkono bandarini ilipungua sana. Gunia unaweza kulitoa katikati ya banda kwa kusogeza mawili matatu. Kontena halisogezwi kwa bega. Tangu hapo kupanga kukawa suala la mashine, karatasi na nafasi.

Chupa zilipojaa

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia, ambayo ilikuwa inapitisha shaba na mafuta yake upande wa kusini, ikajikuta mlango umebanwa. Ikageukia Dar es Salaam. Bandari iliyojengwa kwa mzigo wa Tanganyika na majirani wachache ikaletewa rangi mpya, nyingi, kwa pupa. Mzigo ukarundikana.

Angalia walivyolitatua, maana ni akili ileile ya gemu. Kwanza waliitoa rangi moja nzima kwenye mchezo. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta hadi Ndola, zaidi ya kilomita 1,700. Mafuta hayo hayakuhitaji tena kupigania lori na shaba. Kisha wakajenga mfereji wa kutolea mizigo mingine: reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikaanza kujengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976.

Makontena nayo yalipozidi, shida ikarudi kwa sura nyingine. Mwaka 2000 kitengo cha makontena kilikabidhiwa kampuni binafsi, na kuelekea mwishoni mwa miaka ile ya 2000 mrundikano ukawa wimbo wa taifa. Dawa iliyotumika? Chupa tupu za ziada. Zikafunguliwa bandari kavu nyingi mjini, makontena yakahamishiwa huko ili meli ishushe. Sasa hivi kuna bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, kwa wazo lilelile.

Ila chupa tupu ya gemu inatoka hewani. Ya mjini inatoka kwa mtu. Kurasini kulikuwa na nyumba, watu walizaliwa na kuzikana pale. Wakazi walilipwa fidia wakahama, upanuzi ukapita. Mimi sisemi bandari isikue, nchi inaihitaji. Nasema tunapoimba sifa za uwanja mpya wenye nafasi, tujue ile nafasi ilikuwa sebule ya mtu.

Kupanga hakukufa, kulihama

Watu wanadhani kazi ya kuli iliisha. Njoo Kariakoo usiku. Kontena linafunguliwa mlango wa stoo, ndani kuna mzigo wa wafanyabiashara sita waliochangia nauli kutoka Guangzhou. Viatu vya huyu viko nyuma ya vyombo vya yule. Vijana wanaingia, wanatoa boksi kwa boksi, wanapanga pembeni kwa alama ya kalamu ya wino: hili la Mama fulani, lile la Mzee wa Mtaa wa Kongo. Mkokoteni unasubiri, guta linasubiri. Malipo ni ya siku hiyo. Eneo linaloitwa kwa jina la wapagazi bado linaendeshwa na wapagazi, na bado hatujui majina yao.

Na mwenye mzigo naye ana presha yake. Amekopa ili auze nguo za Sikukuu. Kontena likizidisha siku anaanza kulipa storeji, na kila siku ni pesa inayotoka kwenye faida ambayo hajaipata. Sikukuu haimsubiri mtu. Zile nguo zikifika wiki moja baada ya Idi, ni hasara iliyokunjwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni.

Sasa tuimalize hiyo levo

Haya, mambo ambayo bandari imetufundisha, yatumie leo:

1. Soma chini kabla ya kugusa juu. Angalia tabaka la mwisho la kila chupa. Kama chupa ina rangi moja chini na nyingine mbili zinazofanana nayo juu yake, hapo ndipo nyumbani kwa rangi hiyo. Peleka mzigo wake huko.

2. Usitumie chupa tupu kwa sababu tu ipo. Jiulize: nikimimina hapa, nini kinafunguka? Kama hakifunguki kitu, umeziba njia yako mwenyewe.

3. Toa rangi moja nzima mapema, kama bomba la TAZAMA. Chagua ambayo matabaka yake yako juu juu. Ukiikamilisha, mchezo unapungua na unabaki na rangi chache za kugombania nafasi.

4. Ukitumia chupa ya pili tupu, uwe tayari unajua ipi itakayobaki wazi baada ya hapo. Kuingia hatua inayofuata bila nafasi hata moja ni kama kuishushia meli mzigo wakati uwanja umejaa.

5. Ukikwama, rudi nyuma hatua tano sita, sio moja. Kosa huwa lilifanyika mapema, kabla hujaanza kuliona.

Gemu hili lina uongo mmoja tu: humo maji ya rangi mbili hayachanganyiki. Sisi Watanzania tuliolipata neno kuchakachua kutokana na mafuta tunajua mambo hayaendi hivyo.

Kwa hiyo ukimaliza levo na ile nyota ikalipuka kwenye kioo, mkumbuke aliyekuwa anaifanya kazi hiyo juani kwa ujira wa kutwa. Na kama una babu au mjomba aliyewahi kuwa kuli pale bandarini, mkalishe umuulize alama za magunia zilikuwaje na aliwezaje kujua lipi la wapi. Andika na jina lake. Sanamu halikumwandika, basi tumwandike sisi.