Peugeot 504 na Datsun 160J: ipi ilikuwa kali?

Wadau, hapa Misikhu ubishi huu hauishi. Kwa Safari Rally, Datsun ilitisha: Shekhar Mehta alishinda 1979 na 1980 akiendesha 160J. Peugeot 504 ilishinda 1975 na 1978, ingawa ile ya 1978 ilikuwa kupe ya V6, si gari tulilolizoea huku.

Sisi programa tunapenda kupima kasi. Barabara ya Webuye–Kitale ilipima mzigo. 504 steshenwagoni ilikuwa na safu 3 za viti na springi 4 nyuma.

Baba husimulia usiku babu alipozidiwa. Datsun ya jirani ilikuwepo, lakini mgonjwa hangeweza kujinyoosha. Wakakodi Peugeot, wakakunja viti, wakamlaza. Alifika Webuye akiwa hai. Ukimtajia Datsun, Baba hucheka tu.