Historia ya mafuta ya gari katika Kivu, na maana yake kwa sanduku letu



Katika mikutano yetu ya hivi karibuni neno moja limerudi mara nyingi: muungano ufungue fasi ya kuuzia esanse na mazutu hapa Buleusa. Sababu zinajulikana. Pikipiki zimekuwa mingi, mashine za kusaga mihogo zinakula mazutu kila siku ya soko, na mtu anayetafuta lita moja anainunua ndani ya chupa bila kujua imepimwa namna gani. Wengine wanasema biashara hii haiwezi kuleta hasara, kwa kuwa kila mtu anahitaji mafuta. Wengine wanaogopa kuweka pesa ya watu waliorudi, pesa iliyokusanywa kidogo kidogo kila nyuma ya mavuno, ndani ya kitu kinachowaka.

Mimi ni mfanyakazi wa shirika, si mfanyabiashara. Ila kazi inanipitisha katika njia hizi, na mambo ya zamani nayapenda. Nimeona vema tuweke historia mezani kabla ya kupiga kura. Kivu imeuza mafuta tangu wakati wa Wabelgiji. Biashara hiyo imetajirisha watu na imefilisi watu, na ukiangalia vizuri, wengi waliofilisika hawakukosa wateja. Walikosa vitu vingine.

Mafuta ndani ya debe

Kabla ya pampu kulikuwa debe. Makampuni ya kigeni yalileta esanse na mafuta ya taa kwenye pwani ya Afrika Mashariki ndani ya makopo ya bati, kila kopo galoni 4 za Kiingereza, yaani karibu lita 18. Makopo mawili yaliwekwa ndani ya sanduku moja la mbao. Mafuta yakiisha, kopo halikutupwa. Wamama walichotea maji, wachuuzi walipimia maharagwe na unga, wengine walilipasua na kufunika nyumba. Ndiyo maana katika masoko mengi ya Afrika Mashariki watu wanapimia nafaka kwa debe hadi leo.

Tushike jambo moja hapa. Mafuta yaliingia sokoni ndani ya chombo ambacho kila mtu alijua kinabeba kiasi gani. Mnunuzi wa debe hakuwa na haja ya kumwamini muuzaji, alikuwa na haja ya kuangalia tu kama debe limejaa.

Baadaye makampuni kama Shell, Mobil, Texaco na Fina ya Wabelgiji yalijenga vituo vyenye pampu katika miji ya Kongo.

Waliopewa biashara bila kuijifunza

Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zitapewa raia wa Zaire. Wazee wetu wanaikumbuka vizuri ile zairianizasio. Mtu aliamka asubuhi akiwa mwenye duka lililojaa vitambaa, sabuni na chumvi. Akauza vyote, na pesa aliyopata aliiita faida. Akanunua gari, akafanya sikukuu. Nyuma ya miezi michache rafu zilikuwa tupu, kwa sababu hakuweka kando pesa ya kurudisha mzigo, na wenye kuuza kwa jumla hawakumpa tena mali kwa deni. Mwaka 1976 serikali ilirudi nyuma na kuwaita wenye mali wa zamani.

Mafuta pia yalipita njia hiyo. Mwaka 1974 serikali ilichukua kazi ya kusambaza mafuta kutoka kwa makampuni ya kigeni na kuikabidhi Petro-Zaïre. Mwaka 1978 ilibidi ipatane nayo tena, na hapo ikazaliwa Zaïre SEP, ambayo leo ni SEP Congo, yenye kushughulikia depo na usafirishaji.

Hapa kuna somo la kwanza, na linatugusa moja kwa moja. Pipa likiuzwa lote, pesa iliyo ndani ya sanduku si faida. Sehemu kubwa yake ni pipa linalofuata. Muungano ukianza kugawa ile pesa kwa sababu mkutano umeona noti nyingi, tutafanya katika mwaka mmoja yale waliyofanya wale waliopewa maduka mwaka 1973.

Njia ndefu kutoka baharini

Wageni wanauliza: Kongo si ina petroli yake? Ndiyo, iko Moanda, kwenye bahari ya Atlantiki, na ile ya ndani ya bahari imechimbwa tangu 1975. Lakini kiwanda cha kusafisha kilichojengwa pale hakikufaa kwa petroli nzito ya nchi yenyewe, basi ikauzwa nje ikiwa mbichi. Na Moanda iko mbali sana na sisi. Mafuta ya Kivu ya Kaskazini yanatoka upande mwingine, Bahari ya Hindi.

Yanashuka kwenye meli huko Mombasa. Tangu 1978 kuna bomba linaloyapeleka Nairobi, na mwaka 1994 bomba lilifika Eldoret na Kisumu. Kutoka kule malori ya tangi yanavuka Uganda hadi Kasindi au Bunagana, ama yanapitia Rwanda hadi Goma. Mengine yanatoka Dar es Salaam. Kisha yanaingia ndani ya mapipa na bidoni, juu ya malori madogo na pikipiki, mpaka kwetu grupema ya Ikobo. Kila mpaka una kodi yake na kila kizuizi kina mkono wake. Bei ya lita hapa inabeba hadithi ya njia nzima.

Njia hiyo ikikatika mbali, sisi tunaumia karibu. Nyuma ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya ilipata fujo, barabara na reli zikafungwa, na Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo zikakosa mafuta. Mwaka 2025, Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari, benki za mji zilifungwa. Mfanyabiashara aliyekuwa na pesa benki hakuweza kuigusa ili anunue mzigo.

Kwa hiyo anayeuza mafuta katika eneo letu anauza pia akiba. Mwenye mapipa mawili yaliyojaa siku njia imefungwa ndiye anayeokoa mashine ya kusaga na pikipiki inayokimbiza mama mjamzito hospitali. Lakini siku hiyo ndiyo ya hatari pia: akipandisha bei mara tatu, wateja watakumbuka.

Kadafi wa kandokando ya barabara

Uporaji wa Septemba 1991 na wa Januari 1993, kisha vita vya 1996 na 1998, viliharibu biashara nyingi rasmi. Katika miji mingi, aliyebaki ni kijana mwenye bidoni, mrija na funeli. Watu walimpa jina la Kadafi, kiongozi wa Libya, nchi ya petroli. Tumemcheka, lakini tumemtegemea.

Kwa nini kadafi aliishi pale ambapo kituo kizuri kilikufa? Mtaji wake ni mdogo na unazunguka haraka. Ananunua bidoni moja ya lita 20 asubuhi, anaimaliza jioni, kesho anaanza tena. Vita ikija, anabeba mali yake kichwani. Hana ukuta wa kuacha nyuma.

Ubaya wake munaujua. Chupa ina kitako kilichopanda juu, lita inakuwa robo tatu. Wengine wanachanganya na mafuta ya taa kwa kuwa ni rahisi zaidi, na mashine inakufa. Na hilo si la kwetu peke yetu. Tanzania, yenye vituo vya kisasa, ilianza mwaka 2010 kutia alama ya siri ndani ya mafuta ili kuwakamata wanaochanganya, na mwaka 2011 ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida.

Wateja wa mgodi mmoja

Katika teritware yetu ya Walikale kuna somo jingine. Tangu 2002 hivi, kasiteriti ya Bisie ilileta watu na pesa mingi. Ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami kule Kilambo na kurudi na mawe. Aliyeuza esanse, bia au sabuni karibu na njia ile alipata. Halafu Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Pesa iliacha kuzunguka, na waliokuwa wamekopesha wachimbaji walibaki na daftari.

Wateja wetu wawe wa namna nyingi: pikipiki, mashine za kusaga, kituo cha afya, mashirika yanayopita. Mmoja akisimama, wengine wanaendelea.

Moto

Hapa nawaomba musome polepole. Tarehe 17 Januari 2002 volkano Nyiragongo ilimwaga mawe ya moto ndani ya Goma. Siku nne nyuma, tarehe 21, watu waliingia katika kituo kimoja cha mafuta kuchota kilichobaki, huku lava ikiwa bado na joto kandokando. Kituo kililipuka, makumi ya watu wakafa. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, kwenye njia ya kwenda Uvira, lori la tangi lilipinduka. Watu walikuja na vyombo vyao kukinga esanse, wengine walikuwa karibu ndani ya nyumba wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Waliokufa walipita 230.

Hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa maskini mbele ya mali iliyokuwa ikimwagika bure. Lakini hatari ya esanse ni mvuke wake: hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka unakuta makaa ya jirani. Mapipa yetu hayawezi kukaa sokoni wala ndani ya nyumba ya mwanamemba, hata kama anatoa chumba bure.

Hesabu yetu sasa

Tuchukue mfano. Tuseme faida katika kila bidoni ni sehemu moja ya kumi ya bei. Ukimpa mtu bidoni moja kwa deni asilipe, utauza bidoni tisa ili kurudisha tu kile ulichonunulia. Wiki yote umefanya kazi ya mtu mmoja. Kwa hiyo deni lisiwepo, hata kwa rais wa muungano, hata kwa shefu, hata kwa shirika langu.

Mfano wa pili ni wa kulinda amani kati yetu. Esanse inavimba ikipata joto na inapungua ikipoa. Pipa la lita 200 likipoa kwa digrii 10, linapungua karibu lita 2. Pipa lililopimwa Kasindi saa sita mchana na kupimwa hapa alfajiri, nyuma ya milima yenye baridi, litaonyesha upungufu ingawa hakuna aliyeiba. Kama hatujui jambo hili, tutamfukuza mtunzaji mwaminifu, na kama si wa kabila letu, tutasema mengine mabaya zaidi. Basi tupime kila siku saa ileile ya asubuhi kwa fimbo yenye alama, na tuandike mbele ya mashahidi wawili. Upungufu mdogo na wa kawaida utajulikana, na wizi pia utajulikana.

Mapendekezo yangu kwa mkutano mkuu ni haya:

1. Tuanze na mapipa mawili tu, moja la esanse na moja la mazutu, si kituo chenye pampu.
2. Kibanda cha matofali chenye matundu ya hewa chini na juu, mbali na nyumba, na mchanga mkavu mlangoni. Taa ya moto na sigara visikaribie.
3. Kipimo kimoja cha chuma cha lita 1 na kingine cha lita 5, vilivyohakikishwa, mteja aone kikijaa.
4. Pesa ya kurudisha mzigo itengwe kila jioni kabla ya kuhesabu faida, na faida isigawiwe mwaka wa kwanza.
5. Bei moja iliyoandikwa ukutani, kwa Mkobo, Mnyanga, Mhutu na Mnande, kwa mwanamemba na kwa mpita njia.

Hilo la tano wengine wataliona dogo. Sisi tuliorudi tunaishi tena na majirani tuliokimbiana nao, na maneno ya kupatana tumeyasikia mingi katika mikutano. Lita iliyojaa kwa kila mtu, kila siku, watu wataiona kwa macho yao. Wafadhili wakituunga mkono, tunawaomba waanze na kibanda na vipimo. Mafuta yenyewe tuyanunue kwa pesa yetu, ili tuyalinde kama mali yetu.