Nyumba Tupu za Pate

Wapo vijana wenzangu wa Temeke, waandishi chipukizi kama mimi, wanaodai kwamba tenzi za zamani ni mahubiri matupu: kifo, kaburi, moto, basi. Mimi nasema hawajazisoma, au walizisoma kwa ajili ya mtihani, na hayo ni yale yale.

Chukua Al-Inkishafi. Aliitunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mwanazuoni wa pande za Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19. Lahaja yake ni ya kaskazini, kwa hiyo mtoto wa Dar itabidi ahangaike kidogo. Kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani kumi. Moto umo, tena mwishoni mshairi anazitaja Jahanamu kwa majina, moja baada ya nyingine. Lakini ndugu msomaji, pale mimi sikushtuka sana. Mwili ulinisisimka mapema zaidi, aliponiingiza kwenye majumba ya Pate.

Pate ulikuwa mji wa matajiri, biashara zao zikivuka bahari. Wakagombana wao kwa wao, wakapigana na majirani. Kwenye vita vya Shela, kama mwaka 1812, watu wa Lamu wakawatandika. Mji ukanywea. Sayyid Abdalla anauambia moyo wake mwenyewe: tazama. Taa zimezimika, zidaka zilizopangwa vyombo vya kaure zimekuwa viota vya ndege, kumbini wanalia wadudu. Wenyewe wako wapi? Wamelala chini, kwenye mchanga. Hapo ndipo ujanja wake ulipo. Hakuna aliyerudi kutusimulia ahera, lakini nyumba isiyo na mwenyewe kila mtu anaijua.

Alipofariki mama yangu, maneno ya makaburini niliyasikia kwa sikio moja. Kilichonivunja ni kurudi nyumbani nikalikuta jiko lake la maandazi, majivu ya juzi bado yamo.

Anayetaka kuona kwa macho asihangaike na nauli ya Lamu. Aende Kunduchi, hapa hapa Kinondoni. Kuna magofu ya msikiti, na makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Baadhi yameng'olewa, yamebaki matundu ya duara. Vyombo vile vile vya zidakani, safari hii juu ya marehemu.

Mwana Kupona alishika njia nyingine kabisa. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mkuu wa Siyu, kisiwani Pate huko huko, aliyepambana na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alimtungia utenzi bintiye, Mwana Hashima. Ungetegemea vitisho vya kaburi. Kumbe sehemu kubwa ni mambo ya nyumbani: adabu, usafi, namna ya kuishi na mume (dada zetu wana ugomvi naye hapo, na wana haki). Kifo hakitangulizwi mbele, lakini kipo nyuma ya kila ubeti, maana mama mwenye matumaini ya kuamka kesho asingekuwa na haraka ya kusema yote hayo kwa mara moja. Kama miaka miwili baadaye akafariki, huyo aliyeitwa Kupona.