Jicho Lisilouma: Kwa Nini Uchunguzi wa Retina Uwe Kazi ya Kliniki ya Kisukari

Katika kliniki nyingi za kisukari Afrika Mashariki, siku ya mgonjwa ina mpangilio unaojulikana. Anapimwa uzito, anafungwa mkanda wa presha, anatobolewa kidole, tarakimu zinaandikwa kwenye kadi, kisha anamwona daktari na kuondoka na dawa za mwezi. Akilalamika kwamba haoni vizuri, ndipo anapoandikiwa aende kliniki ya macho, ambayo mara nyingi iko jengo jingine, na huwa na siku yake na foleni yake. Makala haya yanadai kwamba mpangilio huo unapingana na tabia ya ugonjwa wenyewe. Kisukari huharibu jicho muda mrefu kabla mwenye jicho hajahisi lolote, hivyo huduma inayosubiri malalamiko itachelewa karibu kila mara. Picha ya retina inapaswa kuwa kipimo cha kawaida cha kliniki ya kisukari, kama ilivyo presha, na njia ya kupata tiba iandaliwe kabla kamera haijanunuliwa.

Ugonjwa unaojificha

Retina ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Hulishwa na mishipa ya damu iliyo myembamba mno. Sukari ikikaa juu kwa miaka, seli zinazoimarisha kuta za mishipa hiyo hufa. Kuta hulegea, hutokeza vivimbe vidogo, na damu pamoja na majimaji yenye mafuta huanza kuvuja. Kwenye picha ya kamera mpimaji huona vidoa vyekundu vidogo na mabaka ya manjano yenye kingo kali. Wakati huohuo mgonjwa anaweza kukaa mbele ya chati ya herufi na kusoma hadi mstari wa mwisho bila kukosea. Hali hii ndiyo retinopathi ya kisukari katika hatua zake za mwanzo.

Kutoka hapo madhara hufuata njia mbili. Ya kwanza ni majimaji kufika makula, yaani sehemu ya katikati ya retina tunayoitumia kusoma na kutambua sura za watu. Makula huvimba na maandishi hufifia. Ya pili ni mishipa kuziba. Retina iliyokosa oksijeni hutoa protini inayochochea mishipa mipya kuota, lakini mishipa hiyo ni dhaifu na hupasuka kwa urahisi. Damu ikimwagika ndani ya ute wa jicho, mtu aliyelala akiona vizuri anaweza kuamka akiwa na wingu jeusi mbele yake. Makovu yanayofuata huweza kuivuta retina hadi ikabanduka. Mishipa mipya ikiota sehemu ya mbele ya jicho, huziba njia ya maji yake na kuleta glakoma kali.

Kuna jambo jingine linalompotosha mgonjwa. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika umbo na uwezo wa kuona huyumba. Wapo wanaonunua miwani wiki ambayo sukari iko juu, kisha dawa zikianza kufanya kazi miwani hiyo haiwafai tena. Ndiyo maana hushauriwa wasubiri wiki kadhaa sukari itulie. Kisukari pia huharakisha mtoto wa jicho, ambaye kwa kawaida huondolewa kwa upasuaji na uoni ukarejea. Kwa hiyo ukungu anaoulalamikia mgonjwa unaweza kuwa ule wenye tiba rahisi, huku hatari kubwa ikiwa imekaa kimya nyuma ya jicho. Kutumia malalamiko kama kigezo cha kumpeleka mtu kwenye uchunguzi ni kuchagua kigezo kisichoaminika.

Ushahidi

Hoja hii isingekuwa na uzito kama kungekuwa hakuna la kufanya baada ya kugundua. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotoa matokeo yake mwaka 1993 kuhusu kisukari cha aina ya kwanza ulionyesha kwamba, kwa wagonjwa ambao bado hawakuwa na dalili kwenye retina, udhibiti mkali wa sukari ulipunguza uwezekano wa kupata retinopathi kwa asilimia 76. Utafiti mkubwa wa Uingereza kuhusu aina ya pili, uliochapishwa mwaka 1998, ulithibitisha faida ya kudhibiti sukari na ukaonyesha kwamba kushusha presha nako hupunguza kasi ya uharibifu wa retina. Utafiti huohuo ulikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya washiriki walikuwa na dalili kwenye retina siku walipogunduliwa kuwa na kisukari. Ndiyo sababu mgonjwa wa aina ya pili hushauriwa kupimwa macho mara tu anapogunduliwa, ilhali wa aina ya kwanza anaweza kuanza baada ya miaka mitano hivi. Mjamzito mwenye kisukari naye hastahili kusubiri, kwa kuwa ujauzito huweza kuharakisha madhara.

Kwa waliofika hatua ya mishipa mipya, ilijulikana tangu mwaka 1976 kwamba tiba ya leza hupunguza upofu mkubwa kwa nusu au zaidi. Baadaye zilikuja sindano za ndani ya jicho zinazozuia ile protini. Miongoni mwa dawa hizo ni bevacizumab, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani na ambayo ni nafuu sana kuliko wenzake. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa matumizi ya macho mwaka 2013. Lakini leza na sindano hufaa zaidi kulinda uoni uliobaki kuliko kurudisha uliopotea.

Uingereza inaonyesha kinachowezekana uchunguzi ukiwa utaratibu. England ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupiga picha za retina mwaka 2003. Takwimu za England na Wales za mwaka 2009–2010 zilionyesha kwamba, kwa mara ya kwanza katika takriban miaka hamsini, ugonjwa wa macho utokanao na kisukari haukuwa tena sababu kuu ya upofu uliosajiliwa kwa watu wa umri wa kufanya kazi. Uchunguzi haukufanya kazi hiyo peke yake, maana udhibiti wa sukari na presha nao uliimarika, lakini nao una sehemu yake.

Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza ni uhaba wa madaktari bingwa wa macho. Hili lina jibu: kupiga picha hakuhitaji bingwa. Muuguzi au fundi aliyefunzwa anaweza kuitumia kamera, na picha zikasomwa kwingine. Huko Kilimanjaro mpango wa aina hii ulikuta dalili za retinopathi kwa zaidi ya robo ya wagonjwa wa kisukari waliopimwa. Sasa programu za akili unde nazo husoma picha hizo kwa dakika chache.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kuna faida gani kumwambia mtu retina yake inaharibika ikiwa leza iko mji mwingine na sindano haimo kwenye bima yake? Tangu Wilson na Jungner walipoandika kanuni za uchunguzi wa magonjwa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, imekubalika kwamba ugonjwa hautafutwi kwa watu wasio na dalili pasipo tiba inayofikika. Rwanda inatufundisha hapa. Katika jaribio lililofanyika kwenye kliniki za kisukari, wagonjwa waliopewa majibu ya akili unde papo hapo walifuata rufaa kwa asilimia 51.5, dhidi ya asilimia 39.6 ya waliosubiri picha zao zisomwe na mtu kwa siku kadhaa. Kasi ya majibu ilisaidia, lakini karibu nusu ya waliojibiwa palepale hawakufika kwenye tiba. Kamera haimlipii mgonjwa nauli, wala haimfidii kibarua alichokikosa. Hata matone ya kupanua mboni yana gharama yake: dereva wa bodaboda aliyetiwa matone hayo ataona ukungu kwa saa kadhaa, na siku yake ya kazi imeishia hapo.

Hata hivyo pingamizi hili halifuti uchunguzi. Picha yenye vidoa vya mwanzo haihitaji leza. Inahitaji sukari na presha kushushwa, kazi ambayo kliniki ya kisukari inaifanya tayari. Linachodai ni mpangilio: wizara na hospitali zihesabu kwanza leza, sindano na siku za rufaa zilizopo, ndipo ziamue kamera ngapi zinunuliwe.

Hitimisho

Hatua za kuanzia si ngeni. Kadi ya kliniki iwe na mstari wa tarehe ya picha ya retina na majibu yake, kando ya presha na sukari. Picha ipigwe siku ileile mgonjwa anapokuja kuchukua dawa, na majibu yatolewe kabla hajaondoka. Rufaa iwe na tarehe, jina la hospitali na mtu wa kumfuatilia asipofika. Bima iigharimie tiba ya macho kama sehemu ya huduma ya kisukari. Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, mwaka 2021 zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika walikuwa hawajagunduliwa. Kadiri watakavyogunduliwa, wengi watafika kliniki retina zao zikiwa zimeshaanza kuharibika. Kliniki itakayosubiri walalamike itakuwa imeuacha upite muda ambao upofu wao ungeweza kuzuilika.