UZI: "Tutasafisha Mto Nzoia." Sawa, lakini mtasafisha maji ama tope?

Kila msimu wa kampeni, uwe Webuye, Bungoma mjini ama Kitale, utasikia hoja mbili. Ya kwanza: kiwanda kirudi, vijana wapate kazi. Ya pili: tutasafisha mto. Wakati mwingine ni mtu yule yule anazisema zote mbili kwa mkutano mmoja, na sisi tunapiga makofi mara mbili. Mimi ni wa Bokoli, nasoma sayansi ya siasa. Kama kawaida ya uzi hizi, simtaji mwanasiasa wala chama. Leo nashika hiyo hoja ya pili, kwa sababu ina historia ambayo watu huiruka.

Tuanze na Panpaper. Pan African Paper Mills ilizaliwa kwa makubaliano kati ya serikali ya Kenya, kampuni ya Orient Paper Mills ya India, na IFC, ule mkono wa Benki ya Dunia unaoshughulika na makampuni binafsi. Uzalishaji ulianza 1974. Webuye, ambayo enzi za mkoloni iliitwa Broderick Falls, ikawa mji wa karatasi. Hakuna mtu wa rika la wazazi wetu huku asiyejua jamaa aliyesomeshwa na mshahara wa pale. Hilo si jambo dogo, na yeyote anayezungumzia uchafu bila kulitaja hatasikizwa.

Lakini shikilia hapo kwa "serikali". Serikali ilikuwa na hisa kwa kiwanda, na serikali hiyo hiyo ndiyo ilipaswa kukichunga. Sheria ya jumla ya mazingira, EMCA, ilipitishwa 1999 ikaanza kutumika 2000, na ndiyo iliyoleta NEMA. Piga hesabu: 1974 mpaka 1999 ni miaka 25. Robo karne maji taka yanaingia Nzoia kabla nchi haijawa na mamlaka ya mazingira ya kuuliza maswali. Mtu akisema "NEMA ilikuwa wapi?", jibu la kihistoria ni kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha ya Panpaper, NEMA haikuwepo.

Januari 2009 kiwanda kikafungwa, madeni yamekilemea. 2010 kikafunguliwa kidogo kisha kikalala tena. 2016 kikauzwa kwa Rai kwa shilingi milioni 900. Bei ile ilibishaniwa sana: mashine ni za pesa ngapi, ardhi je, wafanyakazi wa zamani watalipwa na nani. Mabishano halali kabisa. Ila swali moja halikupata nafasi kwenye majukwaa: tope lililo chini ya mto limenunuliwa na nani?

Hapa wengi hupotea, twende polepole.

Watu wa Webuye walilalamikia harufu, rangi ya maji na mabati kuliwa. Harufu ya kiwanda cha karatasi inatokana na misombo ya salfa. Rangi ya kahawia inatoka kwenye mabaki ya mti. Kiwanda kikilala, harufu inaisha, maji yanapata rangi yake, na mtu anasimama kusema mto umejiponya. Lakini metali nzito kama risasi, kadimi, kromi na zebaki hazina harufu, na kwa viwango vinavyodhuru hazibadilishi rangi ya maji. Tena hazikai sana ndani ya maji. Hushikamana na chembe ndogo za udongo, zikazama, zikawa sehemu ya mashapo, yaani lile tope la chini. Na hazioзi. Mabaki ya mti huliwa na bakteria; risasi itabaki risasi hata wajukuu wetu wazeeke.

(Hata hayo mabati yanahusika. Mabati hupakwa zinki. Yakiliwa, zinki haipotei, mvua inaishusha mpaka mtoni.)

Kwa hiyo ukichota maji kwa chupa, ukapima, ukatangaza "ni safi", umepima mto wa siku hiyo tu. Tope ndilo lenye kumbukumbu. Wataalamu husukuma bomba kwenye tope na kutoa nguzo nzima bila kuivuruga, kisha wanaikata vipande: juu ni jana, chini ni zamani. Umri wa kila kipande unaweza kukadiriwa kwa risasi-210, aina ya risasi yenye mnururisho wa asili ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Kipande cha kabla ya 1974 kinakuwa shahidi wa jinsi mto ulivyokuwa kabla ya kiwanda.

Hilo ni muhimu kisiasa, kwa sababu utetezi wa kwanza wa kila mchafuzi ni "hayo madini ni ya asili". Na wakati mwingine ni kweli! Miamba ina metali zake, na Nzoia inabeba udongo wa Cherangani na wa Mlima Elgon. Ndiyo maana unapima pia juu ya Webuye, upande wa Trans Nzoia. Huko nako kuna mambo yake: mbolea ya fosfeti inaweza kuwa na kadimi, na mashamba ya mahindi ya Kitale yamekula mbolea miongo mingi. Mpimaji asiyepima juu na chini ya kiwanda, na asiyelinganisha metali na kitu kama alumini au chuma cha udongo wenyewe, atamsingizia mtu ama atamsafisha mtu. Vile vile haisaidii kuchota pale maporomokoni ambapo maji yanakimbia. Tope laini hutulia kwenye kona tulivu, kwenye vinamasi, na huko chini Budalangi ambako mto hufurika.

Si kwamba nchi haina ujuzi. Mwaka 1989 Onyari na Wandiga walichapisha vipimo vya kromi, risasi, kadimi, zinki, chuma na manganizi katika mashapo ya Ziwa Victoria, ziwa ambalo Nzoia inamwaga kila kitu chake. Pengo liko kwa sheria. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zina majedwali ya maji ya matumizi ya nyumbani, ya kumwagilia, ya kuogelea, na ya maji taka. Tope halina jedwali lake. Mara nyingi watafiti wetu huazima viwango vya nje, kama vya Kanada, ambako risasi ikipita miligramu 35 kwa kilo ya mashapo unaanza kuangalia, na ikipita 91.3 unatarajia viumbe vya majini kudhurika. Ukienda mahakamani na kiwango cha Kanada, wakili wa upande wa pili atatabasamu.

Sasa "kusafisha". Picha iliyo kichwani mwa wengi ni tingatinga linachimbua tope. Minamata, Japani, walifanya hivyo. Kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini kwa miongo, na kuanzia 1977 mpaka 1990 tope lenye zebaki zaidi ya sehemu 25 kwa milioni lilinyonywa na kuzikwa, likafanya ardhi mpya ya hekta 58 hivi. Miaka kumi na tatu, kwa nchi tajiri, ndani ya ghuba iliyotulia. Nzoia ni mto unaokimbia. Ukivuruga tope bila mpango, unaamsha kilicholala na kukituma Budalangi, kwa watu ambao tayari wanahangaika na mafuriko.

Njia nyingine ni kufunika tope kwa mchanga safi, kulichanganya na chokaa au makaa maalum ili metali zisitoke, kupanda mimea inayozishika, ama kuliacha huku ukipima kila mwaka. Wakati mwingine kuliacha ndiyo busara, ingawa hakuna mwanasiasa atashinda kura kwa kuahidi kutofanya kitu.

Kuna mfano wa jirani ninaoupenda. Kilembe, Kasese, Uganda: mgodi wa shaba ulifanya kazi 1956 mpaka 1982, ukaacha rundo la mabaki yenye kobalti yakivujisha asidi. Kuanzia 1999 mpaka 2013 kampuni ya Kasese Cobalt ililichakata rundo hilo kwa msaada wa bakteria na kuuza kobalti. Uchafu ukawa mali. Lakini mabaki mengine yaliachwa kando ya Mto Nyamwamba, na mafuriko makubwa ya Mei 2013 yalipita papo hapo. Mto hausubiri bajeti.

Na nani alipe? Owino Uhuru, Mombasa, ndiyo kesi ya kusoma. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi hapo kuanzia 2007 mpaka 2014, risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido na wenzake wakaenda kortini. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe, na mzigo ukagawanywa kati ya makampuni na taasisi za serikali, NEMA ikiwemo. Mahakama ya Rufaa ikautengua 2023, Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Ona miaka hiyo: kiwanda kimefungwa muongo mzima ndipo neno la mwisho linatoka. Kufunga kiwanda hakukufuta deni.

Kwa hiyo mkutano ujao mtu akiahidi kusafisha Nzoia, muulize kwa mamlaka gani. Katiba, Jedwali la Nne, inaacha ulinzi wa maji kwa serikali ya kitaifa. Kaunti inatekeleza sera za kuhifadhi udongo na maji. Mwulize nguzo za tope zitachukuliwa wapi, na tope likitolewa litapelekwa shamba la nani. Ukiona anageukia suala la mabati, umeshapata jibu.

Na usiambiwe "wewe umeumia wapi?" Ibara ya 70(3) inasema anayekwenda kortini kwa haki ya mazingira safi halazimiki kuonyesha kwamba yeye binafsi, au mtu yeyote, amepata hasara. Mkulima wa Budalangi anaweza kushtaki kwa sababu ya tope la Webuye. Kifungu cha 108 cha EMCA nacho kinaruhusu amri ya kurudisha mazingira yalivyokuwa. Ila ili kuamuru yarudi yalivyokuwa, lazima mtu awe amepima yalivyokuwa, na kipimo hicho bado kimelala chini ya mto.