Bamba la Chuma na Nyama ya Mbegha

Teppanyaki ni jina la Kijapani lenye maneno mawili: teppan, yaani bamba la chuma, na yaki, yaani kuchoma au kukaanga. Bamba hilo ndilo meza yenyewe. Moto huwa chini yake, wageni huketi wakilizunguka pande tatu, na upande wa nne husimama mpishi na visu vyake. Nyama, kamba na mboga hukatwa na kuiva machoni pa walaji, ambao aghalabu hawajuani, nao hula wakigusana viwiko.

Kwa mtu wa pwani, hayo ni kinyume cha adabu aliyolelewa nayo. Kwetu sisi, heshima ya mgeni ni kumfichia moto. Jiko liko uani, mgeni yuko barazani, na sinia humfikia likiwa limekwisha kupambwa. Moshi na jasho ni siri ya nyumba. Anayepika mbele ya mlaji ni mtu wa njiani: mchoma mishikaki, mkaanga samaki, na vijana wa Forodhani wanaokunja unga na mayai juu ya bamba lao wenyewe la chuma. Hao huuza, nyumbani hukaribishwa. Basi ni vema tuulize: bamba la Mjapani liko upande gani, wa kuuza au wa kukaribisha?

Wengi hudhani kwamba teppanyaki ni desturi ya kale ya Japani. Sivyo. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku katika miezi kadhaa ya mwaka, na kwa karne nyingi baadaye nyama ya ng'ombe haikuwa chakula cha kawaida cha Wajapani. Mwaka 1868 bandari ya Kobe ilifunguliwa kwa wageni wa Ulaya na Marekani, na wageni hao walitaka nyama. Mwaka 1872 ikatangazwa kuwa Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe. Kisha vikaja vita, na Japani ikashindwa. Mwaka huohuo wa kushindwa, 1945, katika mji uleule wa Kobe uliounguzwa na mabomu, Shigeji Fujioka alifungua mgahawa wake, Misono, akapika juu ya bamba la chuma. Waliovutiwa mno na nyama yake walikuwa askari wa Kimarekani. Desturi hii basi ilizaliwa na mwenyeji aliyeshindwa, akimpikia mgeni aliyeshinda.

Kisa cha mgeni na nyama tunacho nasi pia, wala si mbali na bahari. Dindira ni kata ya wilaya ya Korogwe, juu ya milima ya Usambara. Ng'ambo ya bonde la mto Pangani ni nchi ya Handeni. Ni katika nchi hizo mbili, ya chini na ya juu, kwamba habari za Mbegha husimuliwa. Tunazo kwa Kiswahili, kwa kalamu ya Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa Magila kwa sehemu, kuanzia mwisho wa karne ya 19, kikatolewa tena mwaka 1962 chini ya uhariri wa J. W. T. Allen.

Mbegha alikuwa mtu wa Ngulu. Meno yake yalianza kuota juu, akahesabiwa kigego; ndugu zake wakamnyima urithi, naye akaondoka na mbwa zake na mikuki yake. Alikaa Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa nchi. Mtoto yule alipouawa katika windo la nguruwe, Mbegha akakimbia tena, akavuka, akapanda milima. Huko juu Washambaa waliuona moshi wa moto wake. Walipomwendea aliwapa nyama, nao wakamletea vyakula vya mashambani. Nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mazao sasa walikuwa kitoweo. Baada ya nyama wakamletea magomvi yao awaamue, na mwisho wakampa nchi. Na njiani kwenda Vugha akaua simba. Abdallah, Mwislamu aliyewaandikia pia Waislamu, hakuificha ile nyama ya nguruwe. Alijua kwamba bila nyama hiyo hakuna ufalme wa kusimulia.

Wahenga wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Mbegha methali hiyo ilitimia barabara: mgeni alilisha, mwenyeji akapona, na mlishaji akatawala. Kobe ilikuwa vingine: mwenyeji ndiye aliyelisha, apate kuishi. Moto ni mmoja na nyama ni moja, lakini cheo cha anayeshika kisu ni mbalimbali.

Cheo hicho kiligeuzwa tena mwaka 1964, pale Hiroaki Aoki, kijana Mjapani aliyekuwa mpiga mieleka, alipofungua Benihana katika mji wa New York. Yeye alimfanya mpishi kuwa mchezaji: visu vinaruka, mkia wa kamba unarushwa ukatua kofiani, vitunguu vinapangwa kama mlima na kutoa moshi. Wajapani wengine waliona kwamba huo si upishi wao. Lakini mlaji aliyeketi mbele ya bamba lile hakuwa tena bwana wa meza. Alikuwa mtazamaji, na mpishi ndiye aliyeshika wakati.

Haya hayatuhusu kwa mbali. Migahawa ya Kijapani imekwisha fika Nairobi na Dar es Salaam, na mahoteli ya pwani na visiwani yanawapikia wageni mbele ya macho yao, chakula chao na chetu. Mikono inayopika mara nyingi imetoka bara, milimani na mabondeni, kama Mbegha alivyotoka Ngulu. Kijana wa Korogwe anayegeuza nyama mbele ya mtalii hufunzwa kutabasamu na kurusha kisu. Ni nadra kufunzwa kwamba nchi yake ilipata ufalme kwa kipande cha nyama kilichotolewa kwa mtu asiyejulikana.

Angekijua kisa hicho angeweza kukisimulia nyama inapoiva, kwa maneno yake mwenyewe, na mgeni angeondoka amelishwa mara mbili. Aoki aliuza mchezo kwa kuwa ndio aliokuwa nao. Sisi tunayo habari iliyoandikwa kwa lugha yetu zaidi ya miaka mia iliyopita, nayo bado imefungiwa uani.