Seva ya gemu: Chagua mfumo na mashine kabla ya kulipia mzigo

Mfanyabiashara anayefungua ukumbi wa gemu, au anayeagizia wateja wake kompyuta kutoka nchi jirani, hukutana na swali moja: anunue seva ipi? Mashine isiyofaa ikishavuka mpaka, nauli na ushuru havirudi. Makala hii inatumia mfano wa Minecraft, toleo la Java.

Seva ni nini?
Ni kompyuta inayotunza ulimwengu wa gemu na kuwaunganisha wachezaji. Picha huchorwa kwenye kompyuta ya kila mchezaji, hivyo seva haihitaji kadi kubwa ya picha. Usiilipie.

Prosesa
Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mnunuzi huona seva kuukuu ya ofisi, yenye prosesa mbili na viini vingi, kwa bei ya chini, akadhani kapata. Lakini Minecraft hupiga hesabu za ulimwengu wake mara 20 kwa sekunde. Kila hatua ina milisekunde 50 tu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kiini kimoja. Viini 24 vya polepole havitasaidiana, gemu litakwamakwama. Kompyuta ya mezani yenye viini vichache vyenye kasi hufanya kazi vizuri zaidi, hula umeme kidogo na ni nyepesi kusafirisha.

Kumbukumbu na diski
Kwa wachezaji wasiozidi kumi, tenga GB 4 za RAM kwa ajili ya gemu, na uache nyingine 2 kwa ajili ya mfumo. Wakiongezeka, anzia GB 8. Diski iwe SSD, kwa sababu ulimwengu wa gemu husomwa na kuandikwa muda wote.

Linux au Windows?
Programu ya seva hutolewa bure na hufanya kazi kwenye mifumo yote miwili, mradi Java iwepo. Toleo la 1.20.5 la mwaka 2024 lilihitaji Java 21, hivyo angalia kwanza toleo lako linataka Java ipi.

Linux kama Debian au Ubuntu haina ada ya leseni, hutumia RAM kidogo na huweza kukaa miezi bila kuzimwa. Ubaya wake ni kwamba huendeshwa kwa amri za kuandika. Windows ni rahisi kwa aliyeizoea, lakini ina gharama ya leseni. Jihadhari na mashine za bei nafuu zenye Windows 10: msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama huna fundi wa Linux karibu, hesabu pia gharama ya kumwita.

Mtandao na umeme
Seva iliyoko Ulaya hujibu kwa zaidi ya milisekunde 100 kutoka Afrika Mashariki. Ya ukumbini hujibu mara moja. Hata hivyo, katika mpangilio wa kawaida akaunti ya mchezaji huhakikiwa kupitia intaneti. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota katika nchi nyingi za ukanda huu. Uwe na laini ya akiba. Nunua na UPS, maana umeme ukikatika ghafla ulimwengu wa gemu unaweza kuharibika. Weka nakala kila siku.

Mpakani na njiani
Kompyuta huingia katika fungu la forodha 8471. Muulize wakala wako viwango vya sasa. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki zipate kibali kabla ya kuvuka mpaka. Kwa hiyo mashine iliyotumika iwe na ankara na uthibitisho kuwa imepimwa na inafanya kazi, isije ikahesabiwa kuwa taka.

Dereva naye aambiwe: feni nzito ya prosesa huweza kuvunja bodi barabara ikiwa mbovu. Ifunguliwe na ifungwe peke yake, na kompyuta isimamishwe kwa namna ambayo haitatikisika.